Kumlinda mtoto, mjamzito na mgonjwa dhidi ya sumu za kemikali kwenye chakula: mwongozo wa soko na jiko la Dar es Salaam

Moto wa jiko unaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Hauondoi sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, hautoi madini ya risasi yaliyoingia ndani ya jani la mchicha, wala haugusi zebaki iliyomo kwenye nyama ya papa. Ningependa kila anayepika Dar es Salaam alishike hilo kabla ya mengine yote, awe mama mwenye mtoto wa miezi saba au mama lishe anayelisha mafundi wa gereji. Kuchemsha tumefundishwa na tuendelee nako. Ila kwa kemikali, kazi kubwa inafanyika kabla sufuria haijawekwa jikoni: sokoni, kwenye ungo, kwenye beseni la kuoshea na stoo.

Kila baada ya muda simu zinajaa habari za mchele wa plastiki na mayai ya bandia, na watu wanashtuka kweli. Mtu huyohuyo aliyeshtuka anamkorogea mtoto uji wa karanga zilizosinyaa bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo hatua zilizo hapa nimezipanga kwa kuangalia madhara yanayojulikana, si kelele. Kama nguvu zako zinatosha kwa hatua mbili tu, fanya ya kwanza na ya pili.

Hatua ya 1: Anza na mtu, si na chakula

Hesabu wanaokula nyumbani kwako, kisha uwatenge wale ambao kiasi kidogo cha sumu kinawatosha kuumia.

Mtoto wa chini ya miaka 5 yuko mbele ya wote. Kwa kila kilo ya uzito wake anakula na kunywa kuliko wewe, ubongo wake bado unajengwa, na tumbo lake linapokea hata kisichotakiwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa damu au anayekosa madini ya chokaa hufyonza zaidi, kwa hiyo njaa na sumu vinasaidiana kumuumiza.

Mjamzito anakula kwa ajili ya wawili, na kondo la nyuma halizuii risasi wala zebaki. Anayenyonyesha naye ahesabiwe, ila asiache kunyonyesha kwa kuogopa sumu. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo ndiyo kinga kubwa kuliko zote, maana yanamweka mtoto mbali na unga, karanga na maji ya kisima.

Yuko pia mgonjwa ambaye watu wengi hawamfikirii: mwenye homa ya ini aina B. Utafiti uliofanyika Shanghai na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mtu aliyekutwa na sumukuvu mwilini alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya mtu asiye nayo; mwenye virusi vya homa ya ini B peke yake, mara 7; mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Kama hujawahi kupima homa ya ini B, pima. Na mtoto wako amalize chanjo za kliniki, maana chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya ile sindano ya penta.

Ongeza wazee, wenye ugonjwa wa figo, na familia inayokula kitu kimoja asubuhi, mchana na usiku kwa sababu ndicho kinachopatikana. Hao wa mwisho hawana ugonjwa wowote. Udhaifu wao ni kwamba chakula hicho kikiwa kibaya, hakuna kingine cha kukipunguza makali.

Hatua ya 2: Mahindi na karanga

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo hatari kubwa ilipo.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyopata ukame shambani, iliyovunwa mbichi, iliyonyeshewa au iliyowekwa penye joto na unyevu. Mwaka 2016 iliwapiga watu wa Dodoma na Manyara: wagonjwa 68 walirekodiwa na 20 kati yao walifariki. Walianza kwa kutapika na kuumwa tumbo, macho yakawa ya manjano, miguu na matumbo yakavimba. Mwaka 2004 Kenya ilipata wagonjwa 317, wakafariki 125. Hayo ni matukio ya ghafla yanayoingia kwenye habari. La kila siku halina tangazo: kiasi kidogo kidogo kinachoingia kwenye ini mwaka baada ya mwaka mpaka saratani, na ambacho watafiti wanakihusisha pia na watoto kudumaa.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu isizidi maikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Ni sehemu 10 ndani ya sehemu bilioni moja, kwa hiyo jicho na ulimi haviwezi kupima. Unachoweza kufanya ni kupunguza, na ukifanya vizuri unapunguza sana.

Kununua. Kwa ajili ya mtoto na mjamzito, usinunue unga. Nunua mahindi yenyewe, kwa sababu yakishasagwa huwezi tena kuchagua. Ukifika Tandale au Manzese, muulize muuzaji: "Kaka, haya ya wapi, na ya msimu gani?" Anayejua mzigo wake atakujibu bila kusita. Ingiza mkono katikati ya gunia, usiishie juu. Mahindi yanayotoa joto, yanayonata au yanayonuka uvundo yaache hata akikupunguzia bei. Bei hiyo imepunguzwa kwa sababu. Usinunue yaliyovunjika vipande vipande, wala yenye madoa ya kijani, kijivu au nyeusi.

Kuyajaribu ukavu. Hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika gunia lililofika kavu linaweza kulainika ndani ya duka. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia chumvi kavu kidogo na konzi kadhaa za mahindi, tikisa, kisha iache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Yanayofaa kuhifadhiwa yasizidi asilimia 13.5.

Kuchagua. Mwaga kwenye ungo penye mwanga wa jua, kidogo kidogo. Toa yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu, yaliyosinyaa na yaliyobadilika rangi. Sumukuvu haijasambaa sawasawa kwenye gunia. Mara nyingi imejazana kwenye punje chache mbovu, ndiyo maana kuchagua kwa mkono kuna faida kubwa kuliko kunavyoonekana. Baada ya hapo osha, na yanayoelea yaondoe.

Kukoboa. Sehemu kubwa ya sumu imekaa kwenye ganda na kiini, vitu ambavyo mashine ya kukoboa inaviondoa. Najua dona inasifiwa, na kwa mtu mzima mwenye afya sina ugomvi nayo, mradi mahindi yamechaguliwa. Kwa mtoto anayeanza kula nachagua sembe, kisha virutubisho vilivyopotea navirudisha kwa maharage, yai, dagaa na mboga. Ukienda mashineni mwambie fundi asisage mzigo wako mara tu baada ya mtu aliyesaga pumba au chakula cha kuku, maana kinachobaki ndani ya kinu kitatoka na unga wako.

Uji wa lishe. Tumezoea kuchanganya mahindi, karanga, soya, mtama, ulezi na mchele, tukasaga kilo nyingi kwa pamoja na kuziita lishe. Nia ni njema, lakini humo mahindi na karanga, vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, vimewekwa kikombe kimoja na mtoto anakinywa kila siku. Karanga zikishasagwa zinaharibika upesi, na hakuna anayeweza kuziona tena. Fanya hivi: saga nafaka moja au mbili tu, kiasi cha wiki mbili. Zungusha ulezi na mchele, ambavyo kwa kawaida vina sumukuvu kidogo kuliko mahindi, usimpe mtoto mahindi peke yake mwezi mzima. Karanga zihifadhi nzima, uzisage kidogo siku ya kupika. Na usipokuwa na karanga safi, ziache kabisa. Uji wenye dagaa wa unga au maziwa una protini ya kutosha.

Karanga za kukaangwa na za kusagwa zina tabia ya kuficha. Chumvi na moto vinabadilisha sura na ladha, na zilizokataliwa na wanunuzi wengine ndizo mara nyingi zinaishia kusagwa. Nunua mbichi nzima, chagua, kaanga mwenyewe. Mtoto akitafuna akasema chungu, atoe mdomoni hapohapo, usimwambie ameze.

Zilizotupwa usiwape kuku wala ng'ombe. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ni kutokana na vifo hivyo ndipo sumu hii ikagunduliwa. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo yatanywewa na mtoto wa jirani. Fukia au choma mbali na jiko.

Kuhifadhi. Nunua kidogo mara kwa mara. Gunia liwe juu ya kichaga, mbali na ukuta. Kama lazima uweke kwa miezi, tumia ile mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, nayo ijazwe mahindi makavu tu; ukifungia yenye unyevu umefungia na kuvu.

Hatua ya 3: Udongo wa kula

Pembeni ya masoko yetu mengi kuna meza yenye vipande vya udongo, vingine vikiitwa pemba, na wateja wakubwa ni wajawazito. Hamu hiyo ni ya kweli na mwanamke asichekwe kwa ajili yake. Lakini watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito wa Geita waliukuta na madini ya sumu, ikiwemo aseniki. Pamoja na hayo, udongo unashika madini ya chuma tumboni, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vinafanya kazi pungufu, na damu ikipungua hamu ya udongo inazidi.

Unayemwona dada au mke wako anakula udongo, usimnyang'anye. Mwambie hivi: "Dada, kliniki wakwambie kiwango chako cha damu wiki hii." Hamu kali ya udongo mara nyingi inafuatana na upungufu wa damu, na damu ikipanda wengi hamu inapungua. Ameze vidonge vyake mbali na chai, kwa saa moja au mbili hivi, maana chai nayo inazuia chuma kufyonzwa. Mdomo ukitamani kitu cha kutafuna, karoti, tango au embe bichi vimsogeze.

Hatua ya 4: Mboga za majani na nyanya

Bonde la Msimbazi linalisha sehemu kubwa ya jiji, na maji yake yanapokea ya viwandani, ya gereji na ya vyooni. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito ndani yake, risasi ikiwamo. Mboga ya majani inabeba kwa njia mbili. Vumbi na matope yaliyo juu ya jani yanaoshwa. Kilichopandishwa na mizizi kikaingia ndani hakioshwi, hata ukitumia chumvi, siki au maji ya moto.

Sisemi watu waache mchicha. Mtoto asiyekula mboga anakosa chuma, na mwenye upungufu wa chuma ndiye anayefyonza risasi zaidi. Badala yake badili chanzo na aina. Muulize mama wa genge mboga zake zinatoka wapi, na ukimpata anayeleta za Kibaha, Bagamoyo au Mkuranga, mshike huyo. Leo mchicha, kesho majani ya maboga, keshokutwa matembele kutoka kwingine, ili shamba moja baya lisiwe ndilo linalomlisha mtoto wako kila siku. Anayelima uani au kwenye viroba asijaze udongo wa dampo, wa pembeni mwa barabara kubwa wala wa mahali palipowahi kuwa gereji au pa kuvunjia betri.

Kuosha: tenganisha majani, osha kwa maji mengi safi mara tatu, ukibadilisha maji, kisha ndipo ukate. Ukikata kwanza, uchafu unaingia kwenye mikato.

Nyanya zenye utando mweupe au wa rangi ya maziwa zimepuliziwa karibuni. Mkulima anatakiwa kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kopo la dawa kabla ya kuvuna, lakini nyanya haisubiri na bei haisubiri, kwa hiyo wengine wanapulizia leo na kupakia kesho. Sugua kila nyanya kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, na za mtoto zimenye. Usioshe kwa sabuni. Ngozi ya nyanya na majani hufyonza sabuni, ukamlisha mtoto kemikali nyingine. Pilipili hoho, tango na karoti vifanyiwe hivyohivyo.

Hatua ya 5: Samaki

Wajawazito waendelee kula samaki. Ninasisitiza kwa sababu wapo walioacha kabisa baada ya kusikia zebaki, na wamejinyima mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto. Kinachobadilika ni aina. Zebaki inapanda kutoka samaki mdogo kwenda kwa mkubwa anayemla, kwa hiyo samaki mkubwa, mwindaji na wa umri mrefu ndiye mwenye nyingi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasile papa, awe mbichi au mkavu, wala nduaro na sulisuli. Jodari na nguru wawe wa mara mojamoja. Vibua, dagaa, tasi na changu ndio wa kila wiki, na bahati nzuri wengi wao ni rahisi kwa bei.

Pale soko la samaki la Feri kuna hatari nyingine isiyozungumzwa. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu, nyama yao inatengeneza sumu iitwayo histamini. Kukaanga hakuiondoi. Mtu anakula, na ndani ya saa moja uso umewiva, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari zaidi. Nunua mapema asubuhi, samaki awe kwenye barafu au wa baridi mkononi, umtoe matumbo mara ufikapo nyumbani. Samaki anayewasha ulimi mtupe sufuria nzima.

Dagaa wenye harufu ya mafuta ya taa au ya dawa ya wadudu usiwanunue. Wapo wanaopulizia ili nzi wasikae.

Samaki aitwaye bunju asiliwe na mtu yeyote, na kasa vilevile. Machi 2024 huko Pemba watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 wakiwa watoto, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ile haikuondoka kwa kupikwa, na waliolipia zaidi ni wadogo.

Hatua ya 6: Muhogo na kisamvu

Muhogo mtamu unaouzwa mjini ukimenywa na kupikwa vizuri hauna shida. Tatizo ni muhogo mchungu uliokaushwa kwa haraka, ambao una sumu iitwayo sianidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame Tarime, walioula bila kuuloweka vya kutosha walipata konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kutopona. Konzo hupenda kuwashika watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, hasa wasiopata protini.

Ukinunua unga wa muhogo usioujua asili yake, ulowanishe kwa maji mpaka uwe kama uji mzito, utandaze kwenye sinia kwa unene wa sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sianidi inatoka kama hewa. Kisamvu kitwangwe mpaka kilainike, kichemshwe bila mfuniko kwa muda mrefu. Usimpe mtoto muhogo mbichi autafune akiwa na njaa ya asubuhi.

Hatua ya 7: Vyombo, vifungashio na maji

Sufuria nzito zinazomiminwa na mafundi kutokana na alumini chakavu zinaweza kuwa na risasi, kwa sababu chakavu hicho kinachanganya kila kitu. Zilizopimwa katika nchi kadhaa za Afrika zilionyesha hivyo. Zitumie kuchemshia maji ya kuoga kama unazo. Usizitumie kwa vyakula vichachu kama mchuzi wa nyanya, ukwaju, ndimu na mtindi, wala usilaze chakula humo, na usizisugue ndani kwa waya mpaka zing'ae. Uji wa mtoto upikwe kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Hata moja ndogo ya kwake peke yake inatosha.

Ndoo ya rangi ni ndoo ya rangi hata ikioshwa kwa sabuni na mchanga. Mapipa na madumu yaliyobeba kemikali za viwandani yanauzwa kama mapya kwa ajili ya maji na togwa. Usipojua dumu lilibeba nini, usilinunue.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chipsi za moto na ugali bado vinafungwa kwenye nailoni. Joto na mafuta ndivyo vinavyovuta kemikali kutoka kwenye plastiki na wino kutoka kwenye gazeti. Nenda na bakuli lako, mama lishe hatakunyima. Na mafuta yake yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi kabla hata hajaweka kitu, siku hiyo kula wali maharage.

Kuhusu maji, visima vingi vya jiji viko karibu na vyoo na vinaweza kuwa na kemikali iitwayo naitreti. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea. Kwa mtu mzima si jambo la kutisha sana. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kopo inaweza kuzuia damu kubeba hewa, akawa wa bluu midomoni. Maziwa yake yachanganywe kwa maji ya bomba yaliyochemshwa au ya chupa, kamwe yasiwe ya kisima.

Hatua ya 8: Dawa zilizomo ndani ya nyumba

Hapa sumu inaua kwa saa, si kwa miaka.

Usimimine kamwe mafuta ya taa, dawa ya mende au dawa ya shambani kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili haulizi, anakunywa. Kopo libaki na lebo yake, liwekwe juu panapofungwa. Mstari wa rangi chini ya lebo unakwambia ukali: nyekundu ni hatari kuliko zote, zikifuatia njano, bluu na kijani.

Vidonge vya kufukiza nafaka vinatoa gesi ya fosfini. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Usiviweke kwenye mahindi au maharage yaliyo ndani ya chumba cha kulala, wala chumba kinachopakana nacho, hata usiku mmoja. Katika nyumba za kupanga za chumba na sebule, hilo maana yake ni kutovitumia kabisa.

Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au bluu haziliwi hata zikioshwa mpaka rangi iishe. Iraki, mwaka 1971 na 1972, walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki. 6,530 walilazwa na 459 wakafia hospitalini.

Hatua ya 9: Mtu akishaathirika

Mtoto akimeza mafuta ya taa au dawa yoyote, usimtapishe na usimpe maziwa. Najua maziwa ndiyo kitu cha kwanza jirani atakacholeta. Akitapika, mafuta yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo mtoto anapopotea. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi, mlaze kwa ubavu, na muondoke mara moja kwenda hospitali iliyo karibu. Amana, Temeke na Mwananyamala ziko wazi usiku. Beba kopo au chupa yenyewe, maana daktari akijua jina la dawa anaokoa muda. Jasho jingi, mate kutiririka, mboni za macho kuwa ndogo na pumzi nzito ni dalili za dawa ya wadudu, usisubiri asubuhi.

Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, kutapika na tumbo kuvimba kwa watu zaidi ya mmoja waliokula sufuria moja: acheni chakula hicho wote, mwende hospitali, na mtamke wazi kwa daktari kuwa mnahofia sumukuvu. Usipotamka, mnaweza kutibiwa malaria au homa ya manjano kwanza.

Kisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata. Kwa chakula cha kufungashwa, Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye jukumu tangu 2019, kazi hiyo ilipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na makao yao yako Ubungo. Usitupe kilichobaki na usimrudishie muuzaji. Weka nusu kilo kwenye mfuko mkavu wa karatasi, si nailoni, andika tarehe, soko na jina la mzigo kama lilikuwepo, piga picha ya pakiti upande wenye namba ya toleo, na stakabadhi ibanwe humohumo. Mwambie pia muuzaji, kwa upole. Huenda watoto wake nao wanakula gunia lilelile.